Tuma na ya kutoa: safari ya Ismail Ahmed, mwanzilishi wa WorldRemit

Kila mtumiaji wa pesa kwa simu hapa Kenya anaijua sentensi hii: "Tuma na ya kutoa." Maana yake haihitaji mwalimu. Ukinitumia shilingi 1,000 kamili, nikifika kwa ajenti nitapata pungufu, kwa hivyo ongeza ya makato. Ni maneno machache, lakini yamebeba swali zito: kati ya pesa iliyotoka kwa mfuko wa mtumaji na ile iliyofika mkononi mwa mpokeaji, ngapi imebaki njiani? Na imebaki kwa nani?

Leo tunakuletea habari za mtu aliyelifuata swali hilo karibu maisha yake yote. Anaitwa Ismail Ahmed, mzaliwa wa Somaliland, na ndiye mwanzilishi wa WorldRemit, kampuni ya London inayowawezesha watu walio ng'ambo kutuma pesa nyumbani kwa kutumia simu au kompyuta. Tumemchagua kwa sababu moja. Wengi wanaoanzisha kampuni za aina hii hutokea upande wa kompyuta au wa benki. Ismail alitokea upande wako. Alianza kwa kuwa mtu wa nyumba inayopokea pesa, akawa mtumaji, akawa mtafiti, akawa mshauri wa kampuni za kutuma pesa, ndipo akaanzisha yake. Kila hatua ina jambo linalohusu pesa yako mwenyewe.

Mpokeaji kule Hargeisa

Ismail alikulia Hargeisa. Miaka ya 1970 nchi za Ghuba zilikuwa zimenawiri kwa mafuta, na vijana wengi wa Kisomali walivuka bahari kwenda kutafuta kazi. Ndugu yake alikuwa mmoja wao, na pesa alizotuma zilisaidia kuendesha nyumba.

Enzi hizo zilifikaje? Mara nyingi zilipitia kwa wafanyabiashara. Mfanyakazi alimkabidhi mfanyabiashara mshahara wake huko Ghuba. Yule akanunua bidhaa, akazisafirisha, akaziuza nyumbani, kisha akaipelekea familia fungu lake. Mpango huu ulisimama juu ya kuaminiana, na uliwafaa watu ambao benki haikuwajali. Ila ulikuwa wa polepole. Familia ilingoja mzigo ufike na upate mnunuzi. Mtoto akiugua leo, pesa ya dawa bado iko kwa meli.

Mwaka 1988 vita viliifikia Hargeisa. Ndege za serikali ya Siad Barre ziliupiga mji mabomu, sehemu kubwa ikawa magofu, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Ethiopia. Ismail alikuwa amepata ufadhili wa masomo, akafanikiwa kutoka na kufika Uingereza. Watu wake walibaki upande wa pili wa dunia, wakimbizi. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyetegemewa.

Mtumaji kule Uingereza

Kama una ndugu majuu, hii sehemu unaijua hata kabla hatujaieleza. Ismail alikuwa mwanafunzi, na wakati wa likizo alifanya kibarua cha kuchuma stroberi kwenye mashamba ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Akilipwa, ilibidi asafiri mpaka London kumtafuta ajenti wa kutuma pesa, noti zikiwa mfukoni.

Hebu tupige hesabu ya safari hiyo. Kuna nauli ya kwenda na kurudi. Kuna saa za kazi zilizopotea. Kuna hatari ya kutembea na pesa taslimu. Halafu juu ya hayo yote kuna makato ya ajenti. Yale makato ndiyo pekee yaliyoandikwa kwa risiti, lakini si gharama yote.

Njia iliyotumiwa sana na Wasomali wakati huo ni hawala. Unamlipa ajenti wa London, yeye anapeleka ujumbe kwa mwenzake aliye karibu na familia yako, na huyo analipa kutoka kwa pesa aliyo nayo tayari. Baadaye maajenti wanasawazisha hesabu zao wenyewe. Baada ya vita kuharibu laini za simu na benki, ujumbe mwingi ulipita kwa redio za mawimbi. Kumbe hata zamani noti hazikusafiri! Kilichosafiri ni habari: fulani alipwe kiasi fulani. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Mtafiti, kisha Nairobi

Ismail aliendelea na masomo hadi akapata shahada ya uzamivu katika uchumi, London. Mwaka 2000 alichapisha utafiti kuhusu pesa zinazotumwa nyumbani na athari zake kwa uchumi wa Somaliland baada ya vita. Jambo ambalo watu wengi waliliona kama msaada wa ndugu kwa ndugu, yeye alilitazama kama mhimili wa nchi nzima.

Mwaka uliofuata mhimili huo ulitikiswa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani, serikali ya nchi hiyo iliifungia al-Barakaat, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za kutuma pesa Somalia, ikiituhumu kufadhili ugaidi. Wachunguzi wa tume ya Marekani iliyoyachambua mashambulizi hayo hawakupata ushahidi wa kuthibitisha tuhuma hizo. Lakini kwa mama aliyekuwa akingoja pesa ya unga, mlango ulikuwa umeshafungwa.

Hapo ndipo kampuni zote za kutuma pesa zilipojifunza somo kali: kuaminika na wateja hakutoshi. Lazima uweze kuthibitisha mbele ya sheria ni nani ametuma, ni nani amepokea, na pesa imetoka wapi. Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango wa kuzisaidia kampuni za Kisomali kufikia viwango hivyo, na Ismail akafanya kazi kwenye mpango huo akiwa Nairobi.

Alipokataa kunyamaza

Sasa tunafika mahali ambapo maisha yake yangeweza kuchukua njia nyingine kabisa.

Akiwa kwenye kazi hiyo, Ismail aliamini kwamba ameona ufisadi ndani ya mpango wenyewe uliokuwa chini ya shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, akataka kuuripoti. Kwa maelezo yake mwenyewe, mkubwa wake alimwonya kwamba akithubutu, hatafanya kazi tena katika sekta ya kutuma pesa. Aliripoti. Kazi ikapotea.

Lililo gumu zaidi ni kwamba katika biashara ya pesa, jina lako ndilo mtaji wako. Fundi akifukuzwa mahali bado ana mikono yake. Mshauri wa kupambana na pesa haramu akichafuliwa jina, nani atamkabidhi tena vitabu vya hesabu? Ismail alifuatilia malalamiko yake kwa miaka. Mwishowe, mwaka 2010, akatunukiwa fidia ya takribani pauni 200,000 kwa namna alivyotendewa.

Kwa pesa hizo angeweza kununua nyumba akapumzika, na hakuna ambaye angemlaumu. Wakati huo alikuwa akimalizia shahada ya usimamizi wa biashara katika London Business School, na huko ndiko wazo la kampuni lilikomaa. Fidia ikawa mtaji. Mwaka huohuo, pamoja na Catherine Wines, mhasibu aliyeijua biashara ya fedha za kigeni, na wenzao, WorldRemit ikaanza.

Noti zikaachwa nje

Uamuzi mkubwa wa WorldRemit ulikuwa huu: upande wa mtumaji, noti hazipokelewi kabisa. Mtumaji analipa kwa kadi au kutoka kwa akaunti ya benki, akiwa popote alipo. Mpokeaji anaipata kwa simu, kwa benki, au anachukua taslimu.

Mwaka 2010 hilo lilionekana kama kujifungia mlango, kwa kuwa biashara hii yote ilizoea kibanda, kaunta na foleni. Lakini mtu aliyekuwa amesafiri kutoka Kent na noti mfukoni, kisha akafanya kazi ya kukagua kampuni za kutuma pesa, aliona mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza ni gharama. Kibanda kina kodi, stima, mlinzi, na kamisheni ya ajenti. Yote hayo yanalipwa na mtumaji, hata kama hayaoni. La pili ni ufuatiliaji. Noti haina jina. Malipo ya kadi au ya akaunti yana jina, tarehe na njia. Kwa hivyo kuondoa noti kulipunguza makato na pia kukarahisisha kuwajibu wasimamizi wanapouliza pesa imetoka wapi.

Faida ya jambo hili la pili ilidhihirika mwaka 2013, benki moja kubwa ya Uingereza ilipotangaza kwamba itafunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma pesa, kwa hofu ya sheria za pesa haramu. Familia za Kisomali ziliandamana kwa maneno na saini, mwanariadha Mo Farah akiwa miongoni mwa waliopaza sauti. Kampuni ambayo rekodi zake zilianzia kwa mteja mwenyewe ilikuwa na nafasi bora ya kujitetea.

Na upande wa mpokeaji, ardhi ilikuwa tayari imelimwa. Safaricom ilizindua M-Pesa Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2005 kwa lengo la kulipa mikopo midogo. Somaliland kwao Ismail, kampuni ya Telesom ilianzisha Zaad mwaka 2009. Simu ya mpokeaji ilikuwa imekuwa pochi. Kilichobaki ni mtu wa London au Minneapolis kuweza kuifikia bila kupanda basi.

Pesa inafikaje haraka hivyo?

Tunaulizwa swali hili kila mara: ndugu yangu amebonyeza sasa hivi, na meseji imeingia kabla hatujakata simu. Pesa imeruka vipi?

Haijaruka. Kampuni ya kutuma huwa imeweka shilingi mapema hapa Kenya kupitia benki au mshirika wake. Ndugu yako akilipa pauni kule, kampuni inatoa agizo, na mshirika wa hapa anakuingizia shilingi kutoka kwa hazina ile. Pauni na shilingi husawazishwa baadaye kati ya kampuni zenyewe. Kama umesoma vizuri hapo juu, unaona ni ndugu wa hawala ya zamani: kinachosafiri ni habari. Tofauti ni kwamba redio imekuwa intaneti, na katikati pamewekwa ukaguzi.

Ukaguzi huo ndio unaoleta kuchelewa mara nyingine. Majina ya mtumaji na mpokeaji hulinganishwa na orodha za watu waliowekewa vikwazo. Jina lako likifanana na la mtu aliye kwenye orodha, na majina mengi ya kwetu yanafanana, mfumo unasimama mpaka mtu ahakikishe kwamba si wewe. Ndio maana unaulizwa tarehe ya kuzaliwa na kitambulisho. Inakera, tunajua. Lakini ukaguzi huo ndio unaosaidia njia isifungwe kama ilivyofungwa mwaka 2001.

Kampuni ilivyokua

Mwaka 2014 wawekezaji wa Accel waliweka dola milioni 40, na mwaka 2015 TCV wakaongeza milioni 100. Sehemu kubwa ya kazi ya kampuni kama hii haionekani kwa mteja. Marekani, kwa mfano, leseni ya kutuma pesa hutolewa karibu na kila jimbo peke yake, kwa hivyo kuingia nchi hiyo ni kama kuomba kibali cha nchi nyingi.

Ismail aliachia ukurugenzi mkuu mwaka 2018, akabaki mwenyekiti wa bodi. Mwaka 2019 alitajwa wa kwanza katika Powerlist, orodha ya Waingereza Weusi wenye ushawishi mkubwa. Mwaka 2020 kampuni ilitangaza kuinunua Sendwave, ambayo Wakenya wengi walio ng'ambo wanaijua, na mwaka 2021 kundi zima likaitwa Zepz. Mwaka huo wawekezaji waliikadiria thamani yake kuwa dola bilioni 5.

Je, lile swali letu la mwanzo limejibiwa? Kwa sehemu. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilieleza kwamba kutuma pesa Afrika kusini mwa Sahara kuligharimu karibu asilimia 12 kwa wastani. Miaka ya karibuni wastani huo umeshuka hadi kama asilimia 8, lakini bado uko juu ya sehemu nyingine za dunia. Lengo la Umoja wa Mataifa ni kuufikisha chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya. Kwa kiasi hicho, kila asilimia 1 inayobaki njiani ni karibu dola milioni 49. Hiyo ni karo, ni dawa, ni mabati.

Wewe ufanye nini

Hapa ndipo maisha ya Ismail yanarudi kwa simu yako. Mwambie ndugu yako aliye ng'ambo haya, na wewe uyashike pia.

1. Angalia kiasi kitakachofika, usiangalie ada peke yake. Kampuni hupata pesa mahali pawili: kwa ada na kwa bei ya kubadilisha fedha. Chukua mfano huu wa kufikirika. Tuseme pauni 1 sokoni ni shilingi 170. Kampuni ya kwanza inatoza ada ya pauni 2 kwa kutuma pauni 100, na inabadilisha kwa 169. Unapata shilingi 16,900. Ya pili inatangaza "kutuma ni bure", lakini inabadilisha kwa 163. Unapata 16,300. Ile pauni 2 ya ada ni shilingi 340, kwa hivyo kwa kampuni ya kwanza kilichobaki njiani ni shilingi 440 kwa jumla. Kwa ile ya "bure" ni shilingi 700. Bure imekuwa ghali.

2. Ongeza ya kutoa kwenye hesabu. Pesa ikiingia kwa simu safari haijaisha. Ukiitoa yote kwa ajenti utakatwa. Kama unalipa karo, duka au stima, lipa moja kwa moja kutoka kwa simu na ulinganishe makato. Mara nyingi ni nafuu kuliko kutoa noti kisha kwenda kuzilipa.

3. Mtumaji alipe kwa kadi au akaunti inapowezekana. Kwa walio Marekani hili lina uzito mpya: kuanzia Januari 1, 2026, sheria ya nchi hiyo inatoza ushuru wa asilimia 1 kwa anayelipia pesa za kutuma nje kwa noti taslimu na njia zinazofanana nazo. Anayelipa kutoka kwa akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko hatozwi.

4. Jina liwe lile la kitambulisho. Kama laini yako imesajiliwa kwa majina matatu, mtumaji asiandike jina la utani wala la mtaani. Herufi moja ikikosewa, pesa inaweza kukwama kwenye ukaguzi. Na usimpe mtu nambari ya simu ambayo imesajiliwa kwa jina la mwingine.

5. Usilipe ili ulipwe. Ukipigiwa simu ati pesa yako kutoka ng'ambo imezuiliwa, tuma shilingi kadhaa kwanza iachiliwe, huyo ni tapeli. Pesa halali inayotumwa kwa simu haimdai mpokeaji ada ya kuifungua. Mwulize mtumaji mwenyewe, kwa nambari unayoijua.

6. Nambari ya siri haisafiri. Hakuna kampuni, iwe sisi au nyingine yoyote, inayohitaji PIN yako ili kukuingizia pesa. Kwa kawaida jina na nambari ya simu vinatosha.

7. Ukiona kasoro, ripoti na uweke ushahidi. Meseji ya muamala ina nambari ya kumbukumbu, usiifute. Makato yasiyoeleweka, pesa iliyokwama, ajenti anayekutoza zaidi ya bei iliyobandikwa: yote hayo yaripotiwe kwa huduma kwa wateja. Ukiona hujasaidiwa, una haki ya kuendelea hadi Benki Kuu ya Kenya.

Wakati mwingine ndugu yako akikuuliza atume ngapi, usimwambie tu "tuma na ya kutoa". Mwombe akusomee shilingi ngapi zitafika kwa simu, kwa kampuni mbili tofauti, kabla hajabonyeza. Ni kazi ya dakika mbili, na tofauti ni yenu.